Fukusi wa Wamuyu

Fukusi hakuwahi kuingia ghala lililokandikwa na Wambeti, na Wambeti hakuwahi kuacha watu wasahau jambo hilo. Ukimsalimia njiani habari ya asubuhi, anakujibu nzuri, ghala la Muriuki sasa lina miaka saba, kamuulize kama ameona punje moja iliyotobolewa. Kwenye foleni ya kusaga alikuwa akichota unga kidogo wa mwenzake, anausugua kwa vidole, anaunusa, kisha anatikisa kichwa kwa huruma ya uongo. Watu walimvumilia kwa sababu alichosema kilikuwa kweli.

Katika nchi hiyo kavu, kuanzia soko la Ishiara kuteremka hadi mto Thuci, kila boma lina ghala: kapu kubwa la fito linaloweza kumeza watu sita, limeinuliwa juu ya miguu ya miti na kuezekwa nyasi. Mwanamume hulisuka. Mwanamke hulikandika kwa udongo, ndani na nje, na udongo ukishika vibaya mtama wa msimu mzima huenda na fukusi, yule mdudu mdogo wa kahawia mwenye mdomo mrefu, anayekula punje kwa ndani na kukuachia ganda na vumbi. Mafundi wa kukandika waliotajwa walikuwa wawili, Wambeti na Wamuyu, na siku hizo kuwataja pamoja ilikuwa ni kumtania Wamuyu. Maghala ya Wamuyu yalikuwa laini, hayana ufa hata wa kupitisha unywele, na fukusi waliingia humo kama wanavyoingia kwingine kote duniani. Kufikia mwaka wa 1996 Wambeti alikuwa na maghala thelathini na saba ya kujivunia, kila moja na alama yake ya vidole vitatu chini ya mlango. Wamuyu alibaki na lake mwenyewe na ya jamaa wanne walioona aibu kumwacha.

"Ni mkono," Wambeti alizoea kusema, akiuinua watu wauone. "Wengine wamepewa sauti ya kuimba. Mimi nimepewa mkono."

Haukuwa mkono. Ulikuwa udongo, na udongo wenyewe ulitoka nyuma ya kiwanda.

Kiwanda kilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka sokoni. Enzi pamba ikiwa pamba, hapo ndipo ilipochanganywa dawa ya kuua wadudu wa pamba, unga mweupe wenye harufu tamutamu, ukapakiwa mifukoni mchana kutwa. Pamba ilipokufa, wenye kiwanda walibeba mashine zao wakaenda, wakaacha banda, mapipa, na mlinzi mmoja jina lake Runji wa kulinda kutu. Mwaka wa 1984 Wambeti alipita hapo na punda wake akitoka kuteka maji, akaona kitu. Nyuma ya banda hapakuwa na mchwa. Katika nchi ambayo ukisahau kiatu nje unakikuta hakina soli, hapo palikuwa na ubao uliolala chini miaka nenda miaka rudi, mzima kabisa. Mtu mwingine angepita zake. Wambeti alisimama akafikiri, na akili yake ndiyo iliyomponza. Kama mchwa hathubutu kukanyaga hapa, alijiuliza, fukusi atakanyaga vipi?

Akauchanganya udongo ule na kinyesi cha ng'ombe, akakandika ghala lake mwenyewe. Msimu ukapita, mtama ukatoka jinsi ulivyoingia. Akakandika la jirani, na la jirani ya jirani. Alikuwa akienda na punda saa ya chakula cha mchana, na Runji, ambaye hakuwa mjinga, alikandikiwa ghala bure, tangu hapo akajifunza kula akiwa ameupa uwanja kisogo. Siku za kazi ulimi wa Wambeti ulikuwa ukifa ganzi na kichwa kikimgonga. Alikunywa maziwa, akalala, akalilaumu jua. Alifanya hivyo miaka kumi na miwili na hakumwambia mtu yeyote, kwa sababu siri ndiyo iliyomfanya kuwa Wambeti.

Malori mawili yalifika wiki ya pili ya Januari 1996, mtama ukianza kuwa mwekundu shambani. Maji ya Thuci yalikuwa yamepimwa Nairobi na kukutwa na dawa, na serikali ilikuwa imeamua kusafisha kiwanda kabla ya mvua za Machi. Mkubwa wa kazi alikuwa Thuranira, Mmeru wa Nchiru, mtaalamu wa kemikali ambaye hakuwa amefika miaka thelathini na mitano. Alivaa vazi jeupe la kumfunika mwili mzima, buti na kinyago, na watu wa huko, ambao ni warina asali tangu jadi, walitaka kujua nyuki wake wako wapi. Siku ya tatu aliitisha baraza mbele ya banda. Alianza kwa Kimeru, akaona nusu ya maneno inapotelea njiani, akahamia Kiswahili.

"Wazee na wamama, mimi ni mtoto wenu," alisema. "Hayo mapipa tumehesabu, yako mia moja na kumi na mbili. Hayo si shida. Yatapelekwa ng'ambo kuchomwa kwa tanuri kubwa. Hii udongo unaona hapa pia si shida, tutaikwangua tuifungie kwa shimo ya simiti. Shida yangu ni ile udongo haiko."

Watu wakatazamana.

"Njooni muone hii ngazi ya mlango. Ilijengwa ikiwa sawa na ardhi, niko na ramani. Saa hii nikisimama chini inanifika kwa goti. Mvua haiwezi kuchota hivi. Hii ni jembe. Kuna mtu amebeba udongo ya lori nzima na zaidi, na mimi nataka tu kujua ilienda wapi."

Runji alikuwa ameinama akifunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba. Thuranira akatoa chupa tupu ya jamu yenye fukusi watano aliowatoa kwenye mahindi ya hoteli aliyofikia, akawanyunyizia udongo kidogo wa pale, akaiweka kivulini juu ya pipa, akaendelea kuzungumza habari za mto. Alipoiinua tena baada ya nusu saa, fukusi wote walikuwa chali, miguu juu.

"Miaka yote hii na bado inaua," alisema. "Mdudu inamuua haraka kwa sababu ni mdogo. Mtu inamwendea polepole. Inaingia kwa mafuta ya mwili, inakaa, inatoka kwa maziwa ya mama. Sasa mtoto ndiye anabeba mzigo yote."

"Hiyo ni kama ghala ya Wambeti," mtu akasema kutoka nyuma, na watu wakacheka, kwa maana ulikuwa mzaha tu.

Wamuyu hakucheka. Miaka kumi na miwili alikuwa amejiuliza mkono wake una kasoro gani. Aligeuka, akamtazama Wambeti kwa muda mrefu. Wambeti aliitazama ile chupa ya jamu.

Wambeti alirudi nyumbani akitembea kama kawaida yake, kichwa juu, akisalimia watu. Alipofika bomani alikwenda moja kwa moja kwenye ghala lake akalizunguka. Hapakuwa na utando wa buibui. Hapakuwa na mjusi, wala sisimizi, wala alama ya panya. Kuku wake waliparua boma zima lakini chini ya ghala hawakuparua. Vitu hivyo vyote alikuwa amevionyesha wageni kwa fahari, akiwaambia tazameni usafi huu. Sasa alivitazama mwenyewe, kimoja kimoja.

Hakuwa mtu wa kujidanganya. Akisema, jina lake limekwisha. Hakuna atakayesema alikosea kwa bahati mbaya. Watasema Wambeti alitulisha sumu ili tumsifu, na Wamuyu ndiye atakayeitwa fundi. Asiposema, watu wa Thuranira watafunga shimo lao waende zao, na baada ya wiki mbili mtama mpya utamiminwa ndani ya maghala yale yale thelathini na saba. Alisimama hapo na mkono wake umeegemea ukuta, kisha akakumbuka ukuta ni wa nini, akauondoa.

Hapo ndipo Veronicah, mke wa mwanawe Munene, alipotoka jikoni na kibuyu mkononi na mtoto mgongoni. Mtoto aliitwa Kinya, alikuwa na miezi mitano, na wiki hiyo alikuwa ameanza kuonjeshwa uji. Veronicah akaweka mguu kwenye ngazi ya ghala.

"Shuka," Wambeti akasema.

"Mama, nachota tu kidogo ya uji."

"Shuka, Veronicah. Hapo hatuchoti tena. Enda kwa Wamuyu umuombe mtama."

Veronicah alishuka taratibu. Tangu aolewe alikuwa amesikia kila ubaya wa mtama wa Wamuyu. "Mama, uko mgonjwa?"

"Niko mzima. Enda. Na ukipata iko na fukusi, usiichambue huko mbele yake. Sema asante uje."

Asubuhi Wambeti alioga, akavaa kitambaa chake cha kanisani, akaenda kiwandani. Thuranira alikuwa amekaa juu ya sanduku akinywa chai. Runji, aliyekuwa amepewa kazi ya kufungua lango, alipomwona alijaribu kumfanyia ishara kwa nyusi. Wambeti akampita.

"Mwanangu," alisema, "ile udongo unatafuta, ni mimi nilibeba."

Thuranira aliweka kikombe chini. "Wewe, mama? Peke yako?"

"Na punda. Ni nani mwingine angegundua hiyo udongo ina kazi? Hawa?" Alimwonyesha Runji kwa kidevu. Hata katika kukiri kosa, Wambeti hakutaka kukosea kwa kiasi kidogo. "Nimekandika maghala thelathini na saba. Watu wanakula kutoka ndani."

Thuranira alikuwa amefikiria udongo umejengewa ukuta, au umemwagwa barabarani. Akauliza swali moja tu la hasira, kwa nini hakusema jana, na Wambeti akajibu kwamba jana alikuwa bado anaogopa, na leo amechoka kuogopa. Thuranira akatoa daftari. Wambeti akafumba macho, akaanza kutaja maboma kwa mpangilio wa njia ya punda, la Muriuki, la Kithaka, la mama wa kanisa anayeitwa Cicily, na kila moja mwaka aliolikandika na mara alizorudia. Hakusita hata mara moja. Alipofika la thelathini na saba, ambalo ni lake mwenyewe, akafumbua macho.

"Sawa," Thuranira akasema. "Sasa lazima nipeleke kipande ya kila ghala Nairobi ipimwe. Majibu ni wiki tatu."

"Mavuno ni wiki mbili."

"Najua, mama. Lakini siwezi kubomoa ghala ya mtu kwa sababu ya maneno. Kesho mwenyewe akinishtaki nitasema nini?"

"Kwani jana wewe ulipeleka nini Nairobi? Ulitumia chupa ya jamu."

Thuranira alimtazama, kisha akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike nchi hiyo. Wazo lilikuwa zuri, ila lilihitaji fukusi wengi, mamia, wazima na wenye nguvu. Hoteli isingetosha. Katika eneo lote hilo palikuwa na mahali pamoja tu pa kupata fukusi kama hao, na Wambeti alikuwa amepatangaza mwenyewe kwa miaka kumi na miwili.

Wamuyu alikuwa akipepeta mtama nje ya nyumba yake. Hakusimama. Alimwacha Wambeti amsalimie mara mbili.

"Mama Munene," alisema hatimaye. "Jana umemtuma Veronicah aniombe mtama. Nikajua. Sikulala."

"Mama Caroline, nimekuja kuomba kitu kingine."

"Omba."

"Fukusi."

Wamuyu aliweka ungo chini. Mwanamke huyo alikuwa mpole, lakini mpole naye ana kifua, na ndani ya kifua hicho kulikuwa na miaka kumi na miwili. Alimwambia Wambeti yote. Alimtajia kila mteja aliyemwacha, na kila harusi ambayo unga wake ulirudishwa, na siku ile kanisani Wambeti alipopuliza kiganja chake baada ya kumpa mkono, ati anapuliza vumbi la fukusi, watu wakacheka. Wambeti alisikiliza akiwa amesimama juani. Hakujitetea. Alitaka sana kujitetea, maneno yalikuwa yamejaa mdomoni, akayameza.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Bado. Lakini mtama unangoja." Wamuyu akainuka. "Leta hiyo chupa. Wale wakubwa wako chini kabisa ya ghala."

Siku iliyofuata chupa za jamu na za dawa ya kikohozi zilipangwa kwenye meza ya kiwanda, arobaini na mbili. Thelathini na saba zilikuwa na kipande cha ukuta kutoka maghala ya Wambeti, alichobandua mwenyewe jana yake akisingizia kukagua nyufa, na tano kutoka kwa Wamuyu na jamaa zake, zote zimeandikwa nambari tu ili hata Thuranira mwenyewe asijue ipi ni ipi. Kila chupa iliwekwa fukusi kumi. Kufikia saa saba mchana chupa thelathini na saba zilikuwa kimya. Katika zile tano fukusi walikuwa wakipanda kioo na kuanguka na kupanda tena. Thuranira alilinganisha nambari na daftari mara mbili. Orodha ya Wambeti haikuwa na kosa hata moja.

"Nimefanya kazi na watu wa digrii hawawezi kukumbuka hivi," alisema.

"Nilikuambia," Wambeti akasema, na kwa kitambo kidogo akawa yule yule wa zamani. Kisha akasema, "Wenye maboma nitawaambia mwenyewe. Usitume vijana wako na hizo vinyago. Watu watafikiri kumekuja kipindupindu."

Ikawa hivyo. Wambeti alitangulia, Thuranira na watu wanne wakafuata na glavu, nyundo na magunia mazito ya plastiki. Katika kila boma alisimama mbele ya ghala lake, akaonyesha vidole vitatu chini ya mlango, akasema maneno yale yale: huu ni mkono wangu, udongo ni wa kiwanda, mliambiwa ni ufundi wangu na haikuwa kweli, nisameheni, tutabomoa leo na nitakandika upya. Muriuki alisema miaka saba nimekuwa nikikuombea kila Jumapili, akaingia nyumbani akafunga mlango, na hilo lilimuuma kuliko tusi. Cicily alimtukana kuanzia lango lake hadi lango la boma lililofuata. Wengine walilia kwa ajili ya watoto wao, naye Thuranira akawaeleza kwamba zahanati itawapima, na kwamba mwili ukiacha kulishwa sumu huanza kuipunguza, polepole. Wambeti alivumilia yote. Jambo la ajabu ni kwamba kadiri siku zilivyopita alitembea wima zaidi, kwa kuwa hakuwa na kitu cha kuficha tena.

Kithaka ndiye aliyekataa. Alisimama mlangoni mwa boma akiwa na rungu, mzee mnene mwenye ng'ombe wengi na ghala kubwa kuliko yote.

"Ghala yangu haiguswi," alisema. "Nimekula hapo miaka tisa, na niangalie. Niko na kasoro gani? Afadhali sumu sioni kuliko fukusi naona."

Thuranira alifungua mdomo, Wambeti akamzuia kwa mkono. Aliomba kigoda, akaketi chini ya ukingo wa ghala, akatoa chupa, akamwaga fukusi watatu kwenye kibao kilicho mbele ya mlango wa ghala, kilichokandikwa kama ukuta, mahali mke wa Kithaka alipozoea kuegemeza kibuyu.

"Kaa tuwaangalie," alimwambia Kithaka. "Sina haraka. Kazi yangu imekwisha hata hivyo."

Kithaka aliketi kwa dharau. Fukusi walizungukazunguka. Wa kwanza alianza kutembea kando, mguu mmoja ukimkataa, kisha wa pili. Haikuwa kama chupani, ambako kifo kilifichwa na kioo chenye vumbi. Hapa kilionekana vizuri, na kilichukua muda. Fukusi wa mwisho alilala chali akipiga miguu hewani, akapumzika, akapiga tena. Mke wa Kithaka alikuja akasimama nyuma ya mumewe, naye akatazama, kibuyu mkononi.

"Hapo ndipo mimi huweka unga wa watoto," alisema.

Kithaka akaweka rungu chini, akasema kwa sauti ya mtu aliyeudhiwa na dunia nzima, "Basi bomoeni. Lakini fukusi akiingia hiyo mpya, Wambeti, nitakuletea mbele ya watu."

"Lete," Wambeti akasema.

Siku tisa zilitosha. Kuta zilipigwa nyundo zikaingia magunia, mtama wa zamani ukaingia magunia, na yote yakarudi kiwandani, yakashushwa ndani ya shimo la simiti lililotandikwa plastiki, pamoja na udongo wa uwanja, yakafunikwa. Parokia ilileta mahindi ya kusogeza siku. La Wambeti lilibomolewa mwisho, na alilibomoa mwenyewe. Thuranira alimpa glavu. Aliziona mbaya, mikono haisikii kitu ndani yake, akazivaa hadi mwisho.

Yakabaki maghala thelathini na saba ya fito tupu, yamesuguliwa kwa sabuni na kuanikwa, na mavuno siku tano mbele. Wambeti peke yake asingeweza. Alirudi kwa Wamuyu, safari hii bila chupa.

"Nifundishe," alisema.

Wamuyu alimtazama kuona kama kuna mzaha. Hakuuona. "Udongo ya kichuguu," alisema, "kinyesi ya ng'ombe aliyekula majani makavu, na majivu, majivu mengi kuliko unavyofikiri. Mwarobaini unaponda unaweka mwisho. Na huwezi kuwa na haraka. Wewe ulikuwa na haraka kwa sababu ile kitu yako ilikuwa inakufanyia kazi."

Hilo lilikuwa kweli, na liliuma mahali pake. Wanawake wale wawili walikandika pamoja siku tano, wakisaidiwa na wake wa maboma, na Wambeti akagundua kwamba alikuwa na mkono kweli. Ulikuwa mzito na sawasawa, haukupita mahali bila kupajaza. Wamuyu aligundua pia, na siku ya nne, bila kuinua macho, akasema, "Kumbe unaweza." Wambeti hakuacha alama ya vidole mahali popote. Wamuyu alipomuuliza kwa nini, Wambeti akamwambia aweke ya kwake. Ulimi wa Wambeti haukufa ganzi hata siku moja.

Thuranira aliondoka mwisho wa Februari. Palipokuwa uwanja wa kiwanda palimwagwa udongo safi, na kabla lori lake halijapinda kona mchwa walikuwa wameanza kujenga, au ndivyo Runji alivyoapa.

Kithaka alitimiza ahadi yake mwezi wa Juni. Ilikuwa siku ya soko Ishiara, watu wamejaa, na Wambeti alikuwa ameketi kwenye turubai akiuza ndengu, Veronicah na mtoto kando yake. Kithaka alikuja na debe begani, akasubiri hadi watu wa kutosha wamegeuka, akaliinamisha mbele yake. Mtama ulimwagika juu ya turubai, na ndani yake fukusi, kumi, ishirini, wakitawanyika kila upande.

"Huu ndio mkono wa Wambeti," alisema. "Muone wote. Miaka tisa sijawahi kuona hii kitu, na leo angalia."

Wamuyu, aliyekuwa akiuza kunde hatua chache kutoka hapo, alisimama. Watu walingoja, kwa sababu walimjua Wambeti na walijua kiburi chake.

Wambeti aliinama juu ya mtama. Alimchagua fukusi mmoja, akamweka kwenye kiganja cha ule mkono aliozoea kuuinua watu wauone. Fukusi alisimama, akapeleka mdomo wake mrefu huku na huku, kisha akaanza kutembea. Alipita kiganja chote, akapanda kifundo cha mkono, akaendelea kupanda. Hakuyumba. Wambeti alimfuata kwa macho hadi kwenye kiwiko, na macho yalikuwa yamemjaa maji, na hakuyaficha.

"Kithaka," alisema, "huu mtama, wewe huutaki?"

"Nitautaka wa nini?"

"Basi niachie." Akavuta ungo, akamgeukia Veronicah. "Kusanya yote, mama, hata ya pembeni. Hii ndio uji wa Kinya."